Damu kwenye choo baada ya tiba ya mionzi

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu alimaliza mionzi ya saratani ya tezi dume yapata mwaka mmoja na nusu uliopita. Siku hizi akienda haja kubwa anatoa damu nyekundu, bila maumivu. Dawa za bawasiri hazijamsaidia. Kuna tiba gani?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imepakana na tezi dume, hivyo mionzi huifikia. Baada ya miezi au miaka, mishipa midogo ya ukuta wake huziba, na mingine huota juu juu, myembamba, ikipasuka choo kinapopita. Dawa ya bawasiri haitibu hilo.

Kwanza apimwe kwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana, kwani saratani ya utumbo nayo hutoa damu. Mwambieni mapema anayempima kwamba mzee alipigwa mionzi. Kunyofoa kipande cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru, pale palipoungua, kunaweza kuacha kidonda kisichopona, hata tundu linalotokeza kwenye njia ya mkojo. Nimelitaja hili mapema kwa sababu madhara yake ni magumu kuyarekebisha.

Ikiwa ni matone tu na hana upungufu wa damu, mara nyingi inatosha kulainisha choo na kumfuatilia. Wapo wengi ambao damu hukata yenyewe. Isipokata, mimi huanza na enema (dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) ya sukralfati, gramu 2 asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Ni tiba salama, na mgonjwa hujiwekea nyumbani.

Damu ikiwa nyingi, tiba inayotumika zaidi ni kuichoma mishipa hiyo kwa gesi ya agoni kupitia kamera. Huenda akahitaji kurudia. Utumbo wote usafishwe kabla, si puru peke yake, maana gesi ya tumboni iliyobaki ndani inaweza kulipuka. Pasipo na mashine hiyo, kemikali iitwayo fomalini, ya asilimia 4, hupakwa palepale panapovuja; huzuia damu vizuri, ila inaweza kuchubua njia ya haja.

Ikishindikana, kuna oksijeni ya shinikizo kubwa, ambayo mgonjwa huivuta akiwa ndani ya chumba maalumu, mizunguko 30 hadi 40, ambayo husaidia mishipa mipya kuota. Upasuaji uwe wa mwisho kabisa: nyama iliyopigwa mionzi hupona kwa shida.

Kama anameza aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, asiiache kwa uamuzi wake. Aliyemwandikia aulizwe kwanza.