Floraidi inageuza rangi kwenye DMSO, kwenye maji kimya

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza molekuli ya urea yenye pete mbili za nitrofenili ili inase floraidi. Kwenye DMSO (kiyeyushi kisicho maji), nikitia chumvi ya floraidi, rangi inakolea papo hapo. Nikitia kloraidi, haibadiliki. Ila maji ya kisima cha huku Arumeru hayaigeuzi kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kazi yako ya maabara ni safi, ila rangi imekudanganya, na si wewe wa kwanza.

Kwenye DMSO kavu floraidi ni besi kali. Ukiizidisha, haitulii kati ya zile NH mbili (nitrojeni na haidrojeni) za urea yako. Inapokonya protoni na kuondoka nayo kama HF₂⁻, yaani floraidi mbili zinazoshikilia protoni moja. Unachokiona ni rangi ya urea iliyopokonywa protoni. Hakikisha leo hii: weka haidroksaidi (OH⁻), besi nyingine, mahali pa floraidi. Rangi ikitoka ileile, basi hakuna kilichonaswa. Ukipata NMR (kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli), tafuta vilele vitatu vilivyopangana karibu na ppm 16. Hiyo ndiyo HF₂⁻.

Kwenye maji kuna mgogoro mwingine. Nusukipenyo cha floraidi ni pikomita 133 hivi, cha kloraidi 181. Udogo huo unafanya maji yaing'ang'anie: kuyavua kunagharimu takriban kJ 465 kwa moli, wakati kloraidi inadai kama 340. NH mbili hazina ubavu huo. Hata wanakemia Park na Simmons, walioinasa kloraidi mwaka 1968, walitumia molekuli yenye umbo la kizimba iliyoizunguka, yenye nitrojeni mbili za chaji chanya, tena kwenye asidi kali.

Ningekuwa wewe, ningeiacha urea nikahamia kwenye boroni, ambayo hufunga floraidi kwa kifungo cha kweli, na ningepachika chaji chanya jirani yake ili mvuto uongezeke. Chujio za mifupa iliyochomwa zinazotumika Arusha nazo hazitegemei vifungo vya haidrojeni pekee: floraidi inaingia kwenye fuwele na kukalia nafasi ya haidroksaidi.

Tahadhari moja. Boroni inaipenda haidroksaidi pia, na maji ya huko yenye floraidi nyingi huwa na bikaboneti na pH ya juu. Kwa hiyo anza na floraidi ya sodiamu kwenye maji yaliyotoneshwa, pH ukiishikilia kwa bafa (mchanganyiko unaozuia pH isibadilike) kati ya 4 na 5, ndipo uguse maji ya kisima.