Re: Shoga angu kaniambia bosi wake kamlazimisha, nimjibu nini?

Mtoa mada umesema shoga ako kakutumia mesej usiku wa jana kuwa bosi wake kamlazimisha kulala naye, na mpaka sasa hujajibu kwasababu unaogopa kukosea. Mjibu sasa hivi, hata "nimekusoma, nakuamini, nipo" inatosha, maana huo ukimya wako huko aliko anautafsiri kivyake.

Mimi niliharibu, ndo maana naandika. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kwangu hapa Makorora, Tanga, jumapili jioni nakaanga kaimati, akavuta kigoda akakaa, akawa anasokota ncha ya kanga yake anasokota mpaka nyuzi zinachomoka, mara akasema mwenye duka anakofanya kazi kamfungia stoo jana jioni. Neno la kwanza kunitoka mdomoni: "sasa we ulienda stoo kufanya nini?" Wallahi sikuwa na nia mbaya, nilishtuka tu. Akanyamaza. Akasema basi dada yameisha, akaondoka hata kaimati hajaonja, na simu hakupokea siku mbili nzima.

Jumatano nikamfuata kwao, nikamwambia nisamehe mdogo wangu, lile swali alitakiwa aulizwe yule mwenye duka, sio wewe. Ndo akalia, na ndo tukaenda hospitali. Dawa za kuzuia mimba alipata kwasababu siku tano zilikuwa hazijapita, ila zile za kinga ya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, unameza siku 28, na sisi saa zilishapita. Miezi ile ya kusubiri kupima tena nilikuwa namuona anavyoshtuka kila akipata kihoma. Swali langu moja lile jamani.

Kwahiyo muulize shoga ako kitu kimoja tu, imetokea lini. Kama ni juzi au jana hospitali ni leo, asioge kama bado hajaoga, nguo aliyovaa msiifue, iwekeni kwenye bahasha ya khaki sio mfuko wa plastiki. PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, inatolewa polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na aombe askari wa kike kama anataka.

Lakini KAMA ANATAKA. Mi nilitaka kuwatuma kaka zetu dukani wakamtoe yule mtu, akaniambia dada ukiwaambia kina kaka ntakuwa habari ya barazani. Alikuwa sahihi, sikumwambia mtu mpaka aliporuhusu mwenyewe, na polisi alienda baada ya wiki mbili kwa miguu yake, mi nilimsindikiza tu nikakaa kwenye benchi nje.

Na wakija wazee na yale ya "tuyamalize kifamilia" ujue kubaka ni jinai, kifungo chake kinaanzia miaka 30, hilo halimalizwi kwa fidia. Ila uamuzi abaki nao yeye.

Mjibu kwanza, halafu rudi hapa utuambie zimepita siku ngapi.