Mwenye kutaka mageuzi, je, ni Muutazila?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Hapa Jinja kijana akisema kauli fulani ya madhehebu iangaliwe upya, huambiwa ni Muutazila au amelishwa na Wazungu. Fikra hizi asili yake ni ipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, hapo wamechanganywa watu mbalimbali.

Muutazila, kundi la zamani la wanaitikadi, walianzia Basra, Iraki, Wasil bin Ataa (alifariki 131 H) alipojitenga na darasa la Hasan al-Basri. Walitanguliza akili katika itikadi, lakini wapenda uhuru hawakuwa: mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, aliyeshika rai yao, aliwalazimisha wanachuoni wakiri kuwa Qur'ani imeumbwa, na chini ya mrithi wake Imam Ahmad bin Hanbal akapigwa mijeledi kwa kukataa.

Mageuzi ya zama hizi yameshika ijtihadi (juhudi ya mwanachuoni kutoa hukumu kutoka katika dalili) na maslaha (manufaa ya watu), mambo yaliyomo ndani ya usuli wa fiqhi, yaani misingi ya kutolea hukumu. Mwanachuoni Shatibi (alifariki 790 H) alikwisha kuyafafanua malengo ya sharia kabla ya ukoloni. Wazungu walileta msukumo, si msingi.

Mtazame Muhammad Abduh, Mufti wa Misri tangu 1899. Mwaka 1903 aliulizwa kuhusu Waislamu wa Transvaal, Afrika Kusini: kuvaa kofia za Kizungu, kula nyama iliyochinjwa na Wakristo, na mfuasi wa madhehebu ya Shafii kuswali nyuma ya imamu wa Hanafi. Akaruhusu yote. La nyama alilijenga juu ya aya ya 5 ya Suratul Maida. Waliompinga walisema ng'ombe hao walipigwa shoka kwanza, tena bila kutajiwa jina la Mungu. Kwa rai yangu, penye mchinjaji Mwislamu, kama mijini kwetu, fatwa hiyo haina haja.

Baada yake njia ziligawanyika. Rashid Rida wa jarida la al-Manar alielemea kwa Salaf, yaani Waislamu wa vizazi vya mwanzo, na huko ndiko Sheikh al-Amin Mazrui wa Mombasa alikochota. Ali Abdul-Raziq mwaka 1925 alidai ukhalifa si wajibu wa dini. Al-Azhar ikamvua uanachuoni. Waliberali wengi humtegemea huyu.

Basi kabla hamjampa kijana jina, tazameni dalili yake. Akigusa fungu la binti katika mirathi, amegusa andiko la yakini, lisilo na maana mbili, Suratun Nisaa aya ya 11, na hapo mzuieni. Akisema aswali nyuma ya imamu asiyeisoma Bismillahi kwa sauti, hilo ni la dhana, yaani dalili yake yaweza kufahamika kwa namna zaidi ya moja, na maimamu wamehitilafiana humo tangu zamani.