Nina cheti cha daktari, bado naweza kufungiwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa miaka 22, niko Lindi, nakimbia mbio ndefu. Nina pumu toka utotoni na wakipuliza salfa kwenye mikorosho ndo inanibana balaa. Hospitali wamenipa inhela ya salbutamol na vidonge vya prednisolone. Wiki ijayo nina mashindano, kocha anasema nibebe tu cheti cha daktari, nikipimwa dawa zilizokatazwa michezoni nionyeshe. Kinatosha kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na pumu. Hapana, hakitoshi. Cheti kinasema unaumwa, hakisemi umeruhusiwa, na sheria za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zinasema kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako hata kama kakuandikia nani. Andreea Răducan wa Romania alinyang'anywa dhahabu ya jimnastiki Olimpiki ya Sydney 2000 kwa dawa ya mafua aliyopewa na daktari wa timu yake mwenyewe, alikuwa na miaka 16 tu, mpaka leo inaniuma.

Sasa dawa zako. Inhela inaruhusiwa bila kibali cha matibabu (ruhusa rasmi ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu unaumwa) ila kwa kipimo, maikrogramu 1600 kwa saa 24 na zisizidi 600 ndani ya saa 8, na inhela nyingi mvuto mmoja ni 100, kwa hiyo hesabu mivuto yako. Angalia sana hapa, salbutamol ya vidonge au ya maji imekatazwa muda wote, na dukani huku ndo wanakupa haraka kwa sababu ni rahisi, kwa hiyo ukimtuma mtu akununulie mwambie wazi unataka ya kuvuta. Prednisolone ya kumeza imekatazwa wakati wa mashindano, yaani kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia siku yenyewe, na inatakiwa uwe umeimaliza angalau siku 3 kabla, la sivyo uwe na kibali cha matibabu. Bila hivyo adhabu inaanzia miaka 2, inaweza kupungua mpaka onyo ukithibitisha hukuwa na uzembe mkubwa, lakini hebu fikiria miezi unayoweza kukaa nje unasubiri kesi.

Kibali kinaombwa siku 30 kabla, wewe umeshachelewa, kwa hiyo leo hii rudi kwa daktari umwambie unashindana lini muone kama dozi itaisha mapema, na chama chako cha riadha wakupe fomu za kuomba kibali kwa mashindano ya mbele. Ila pumu ikikubana vibaya usiku ule wa kuamkia mashindano meza dawa mwanangu, usiogope, kibali cha dharura kinaombwa hata baada ya kutumia, wewe hakikisha tu hospitali wameandika kila kitu na nakala unabaki nayo.