Kabla mpiga saksafoni hajavuta pumzi

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa Arua, nasoma hapa Kampala. Jumapili iliyopita nilikwenda tamasha la injili na kamera ya kaka yangu, yenye lenzi ileile iliyonunuliwa nayo. Nikapiga picha 412. Karibu zote zimetikisika, waimbaji wana sura za zambarau, na nyingine zina mistari ya giza kama punda milia. Kibaya zaidi, mama alipopiga simu kuuliza kwaya iliimba nini, nilikosa jibu. Mwezi ujao kuna usiku wa jazi na soul na tiketi ninayo. Kamera niiache nyumbani?
*Msomaji, Ntinda*

Marahaba, mpwa wangu. Kamera njoo nayo. Ila hiyo 412 imenichekesha, maana mimi nilianza na filamu ya picha 36. Tamasha langu la kwanza la kwaya nilikwenda na roli moja tu, na wimbo wa kwanza haujaisha nilishapiga 29 kwa kiherehere. Zikabaki 7, na muziki wa saa mbili. Nikakaa kwenye benchi nikasikiliza, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya.

Safu ya pili alisimama mama mmoja wa sauti ya pili, kavua viatu, kavipanga nyuma ya visigino vyake kama yuko mlangoni kwake. Kiitikio kilirudiwa mara tatu, na kila kilipokaribia kuanza upya, mguu wake wa kushoto ulitangulia. Mara ya nne mwalimu wa kwaya akainua kidole gumba, ki, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, ikapanda, na yule mama akafumba macho, kidevu juu, mikono imeachia kitabu. Mimi nilikuwa nimeshajiweka tayari. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Zile 29 sijui hata zilikwenda wapi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kamera, jua muziki unavyokwenda. Kwaya ya injili hurudia kiitikio, kisha hupandisha ki, mara nyingi nusu hatua tu, na hapo ndipo nyuso hufunguka. Ukisikia wanarudia kwa mara ya tatu, acha kutazama picha ulizopiga, inua kamera. Jazi ina mpangilio wake: wanapiga wimbo mzima pamoja, kisha kila mmoja anapewa zamu yake ya kutamba, mwishoni wanarudi kwenye wimbo. Zamu ikiisha watu hupiga makofi, na mwanamuziki aliyemaliza hugeuka kumtazama mwenzake. Mtazamo huo ni picha nzuri kuliko ile ya vidole kwenye ala, ambayo kila mtu anayo.

Mpiga saksafoni akitaka kuanza, mabega hupanda kidogo anapovuta pumzi. Subiri nukta moja baada ya hapo. Ukibahatika kumwona Moses Matovu wa Afrigo Band, bendi iliyopo tangu 1975, mtazame mabega kwanza. Zamu ya besi ikifika, ukumbi hunyamaza. Na wewe nyamaza, maana mlio wa shata yako, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga unapopiga, utasikika mpaka meza ya nyuma. Soul ni kuitana na kuitikiana, kwa hiyo mwimbaji akielekeza maiki kwa watu, geuka. Picha iko nyuma yako.

Sasa picha zako za punda milia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Taa za LED za jukwaani nazo zina kasi zao. Nadhani uliweka shata ya kimya, ile ya kielektroniki, ambayo kwenye kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari: taa ikififia katikati ya kusoma, unapata mstari wa giza. Rudi kwenye shata ya kawaida, kisha jaribu kasi ya 1/100, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Mistari ikibaki, punguza kasi polepole mpaka ipotee.

Kutikisika ni njaa ya mwanga. Lenzi yako ukiivuta mwisho hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu hata ikiwa mpya, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale ulipokuwa na 1/25 utapata 1/250, na mkono unaopunga utaganda. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishe mpaka 3200 bila kuogopa. Chembechembe zinasameheka, uso uliotikisika hausameheki. Flashi izime. Inamwumiza macho mwimbaji na inaua rangi yote ya jukwaa.

Zambarau ndiyo adui mkubwa. Taa za bluu na nyekundu hujaza rangi moja mpaka uso unapoteza mikunjo yake. Piga kwa faili ghafi (RAW kwenye menyu ya kamera), punguza mwanga kidogo, subiri fundi wa taa arudishe nyeupe. Akigoma, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Wakubwa wa picha za jazi, kina Francis Wolff na Herman Leonard, walituachia nyingi za hivyo, na hakuna anayelalamika.

Maiki isimfunike mdomo: akiishika kwa mkono wa kulia, wewe simama upande wake wa kushoto. Usisimame mbele ya spika. Sauti ya desibeli 100, wataalamu wa afya kazini hawashauri zaidi ya dakika 15 kwa siku, na matamasha yetu hufika hapo kirahisi. Vaa vizibo vya masikio. Muziki utausikia safi zaidi.

Kanisani kuna jambo jingine. Aliyepiga magoti analia hakuja kupigwa picha. Niliwahi kumsogelea mmoja mpaka karibu, na mhudumu wa mlangoni akanigusa bega bila kusema neno. Aibu ile ninayo bado. Wahudumu waulize kabla ibada haijaanza, na kwaya za watoto usizipige bila ruhusa ya wazazi: sheria yetu ya kulinda taarifa binafsi, ya 2019, inawahusu.

Nyimbo tatu piga, ya nne weka kamera mapajani. Kisha mpigie mama.

Mzee, nimerekodi tamasha zima kwa simu. Nikiliweka YouTube kuna ubaya?
*Msomaji, Jinja*

Upo, ndugu yangu. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inawapa wasanii haki juu ya maonyesho yao, siyo juu ya nyimbo walizotunga peke yake. Waombe ruhusa. Na mkono uliokaa juu saa mbili umemzibia mtu fulani nyuma yako.

Anko, tamasha la wazi, msimu wa mvua. Kamera haina kinga ya maji.
*Msomaji, Mbale*

Kavera kubwa, yaani mfuko wa plastiki, toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira wa kufungia noti. Mimi natumia kofia ya plastiki ya kuogea, zile za hotelini. Inaingia na kutoka haraka. Chukua na kitambaa kikavu, kiweke ndani ya shati, siyo ndani ya begi. Begi ndilo linalolowa kwanza ukiwa kwenye boda.