Ukihama jimbo na mtoto anatumia dawa zinazodhibitiwa

Wazazi wengi wa huku Marekani wanajua kuwa dawa za ADHD (hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini) zina masharti. Kinachowakwamisha wanapohama ni kwamba masharti yenyewe yana ngazi mbili.

Ya kwanza ni sheria ya nchi nzima, ya 1970, iliyoziweka dawa hizi katika madaraja matano. Methilifenidati, dawa ya ADHD anayotumia mwanangu, iko daraja la pili, na hapo cheti kimoja cha daktari hakichukuliwi dawa mara mbili. Chupa ikiisha, daktari aandike kingine. (Daraja la tatu na la nne ni afadhali: unaongezewa hadi mara 5 ndani ya miezi 6.) Daktari anaweza kuandika vyeti kadhaa kwa mpigo, jumla ya dawa za siku 90, ila jimbo likikataa, basi.

Ngazi ya pili ni sheria za majimbo, na majimbo hayafanani. Tulipohamia New York, daktari mpya alifungua kwanza kumbukumbu za jimbo kuona mtoto amepewa nini na lini; sheria inamtaka afanye hivyo tangu 2013. Kisha akaigeuza chupa yetu ya zamani mkononi, akasoma lebo: miligramu, tarehe, jina la daktari aliyeandika. Lebo ile ilitusaidia kuliko maelezo yangu yote. Kwa hiyo chupa tupu usitupe, na omba nakala ya faili la mtoto kabla hujaondoka.

Miadi na daktari wa huko uendako weka mapema, hata kabla ya kufunga mizigo. Mtoto kukatishwa dawa ghafla katika shule mpya ni mateso, na mimi naona sheria hizi hazijamfikiria vya kutosha.

Mfamasia akikuambia bado siku mbili ndipo uruhusiwe kuchukua dawa, usimgombeze. Sheria inambana yeye pia, si daktari peke yake. Muulize tu: ni tarehe ipi naruhusiwa kuchukua? Akisema dawa imeisha, jambo la kawaida tangu uhaba wa 2022, mwombe ahamishe cheti cha kielektroniki kwenda famasi nyingine. Tangu Agosti 2023 inaruhusiwa, mara moja tu kwa cheti ambacho hakijachukuliwa, mradi sheria ya jimbo haikatazi. Lakini piga simu kwanza uhakikishe hiyo famasi ya pili inayo, maana ukishahamisha huwezi kuhamisha tena.