Kama p38 ndiyo mchochezi, mbona isizimwe tu?

Mkuu, umeuliza kwamba kama kimeng'enya p38 ndicho kinachochochea inflamesheni (uvimbe na joto la mwili kujikinga), mbona hakuna dawa ya kukizima mambo yaishe. Hata mimi niliamini hivyo mpaka nilipozishika seli zenyewe maabara.

Tulikuwa na makrofaji za panya, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu. Unaziwekea LPS, ile sumu ya ganda la bakteria, unazivunja kwa zamu kila baada ya dakika kadhaa, halafu unasoma protini kwenye filamu. IκB ni protini inayoizuia NF-κB, mwashaji wa jeni za inflamesheni, isiingie kwenye kiini cha seli; hubandikwa fosfeti na kinesi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) iitwayo IKK, kisha husagwa. Dakika ya 0 mstari wake mweusi tii. Dakika ya 15 karibu haupo. Saa moja baadaye umerudi, maana NF-κB ikishaingia kwenye kiini huagiza IκB mpya itengenezwe.

Kwa p38, ambayo nayo ni kinesi, niliambulia filamu nyeupe. Mwenzangu wa meza ya pili anaona mistari minene ya p38 yenye fosfeti, yaani iliyowashwa, mimi patupu. Siku tatu naisingizia kingamwili inayoinasa protini hiyo, kumbe nilisahau vizuizi vya fosfatesi (vimeng'enya vinavyobandua fosfeti) kwenye bafa, ule mmumunyo wa kuvunjia seli! Seli zimeshakufa na kuvunjwa, ila fosfatesi bado zinabandua kila kilichobandikwa na kinesi. Tangu siku hiyo nikiona mchoro wenye kinesi peke yake, bila fosfatesi, siumalizi.

Ndani ya seli hai, mmoja wa wabanduaji wakubwa ni fosfatesi iitwayo DUSP1. Na anayesaidia kumwagiza ni p38 yenyewe! p38 huchangia pia IL-10, protini inayotuliza inflamesheni, na humpunguza kasi TAK1, kinesi aliye juu yake kwenye mnyororo wa kuiwasha. Ni kweli p38, kupitia kinesi iliyo chini yake iitwayo MK2, huilinda mRNA (nakala ya maagizo) ya TNF, protini inayochochea inflamesheni, isiozeshwe mapema, kwa hiyo ukiizima TNF inashuka, ila breki nazo umeziondoa. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi waliojaribiwa dawa za kuizima p38, CRP, kipimo cha damu cha inflamesheni, kilishuka mwanzoni kisha kikapanda tena wakiwa bado wanameza dawa, na baadhi ya dawa hizo zikasumbua ini. Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza inflamesheni, kwa upande wake huongeza DUSP1, ingawa hiyo si kazi yake pekee.

Ukitaka kupima mwenyewe, usichukue sampuli ya wakati mmoja tu, chukua za dakika 0, 15, 30, 60 na 120. Na vizuizi vya fosfatesi viweke siku hiyohiyo, bafa ikiwa kwenye barafu.